Michoro Tisa ya Mguu wa Mwalimu

Katika miaka thelathini na moja ya kushona viatu, Fundi, Mungu amrehemu, alirudishiwa jozi moja tu, na aliyeirudisha alikuwa mke wake.

Asiyemfahamu anaweza kusema, jozi moja ni kitu gani? Lakini Fundi hakuwa mtu wa kurudishiwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana lililotazama barabara, meza ya kukatia ngozi iliyochanjwachanjwa na kisu, na rafu iliyojaa miguu ya mti, ile ambayo ngozi huvutwa juu yake mpaka ishike umbo. Mteja akichukua kiatu chake, Fundi alimwambia neno lile lile: "Kikikubana, nirudishie." Mteja akishafika mlangoni, akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini hutarudi."

Siri yake ilikuwa kipimo. Wenzake walimkalisha mteja kwenye stuli. Yeye alimsimamisha, akisema mguu wa mtu aliyekaa ni mguu mwongo. Hakupima asubuhi, kwa kuwa asubuhi mguu bado umelala. Alipima alasiri, miguu yote miwili, kwa penseli aliyoipasua katikati kwa urefu ili isimame wima dhidi ya nyama na isiteleze kuingia chini ya unyayo. Kila mchoro aliukata kufuata mstari, akauandikia tarehe na kuuhifadhi. Wapo watu waliokwisha kuzikwa zamani ambao miguu yao ilikuwa bado imo ndani ya kabati la Fundi, wa kulia na wa kushoto.

Mke wake alifundisha hesabu katika shule ya msingi, na Fundi alimwita Mwalimu hata walipokuwa wawili tu nyumbani. Kila mwaka, kabla shule hazijafunguliwa, alimshonea jozi mpya: vyeusi, vya kufunika, kisigino kifupi, viatu vya mtu anayesimama mbele ya ubao kutwa nzima. Ndani, penye kisigino, alipiga muhuri wa namba. Thelathini na nane. Mwalimu hakuwa mtu wa maringo. Hakujipamba, na ukimsifia gauni alikuuliza unataka nini. Ila mguu wake. "Mguu wangu na hesabu zangu," alizoea kusema, "hivyo viwili msiniguse." Na kwa kuwa mke wa fundi viatu hawezi kuonekana akinunua kiatu dukani, mguu ule haukujua kiatu kingine ila cha Fundi. Hata sapatu za kuvaa ndani alishonewa.

Kwa Mwalimu peke yake Fundi alivunja sheria yake. Alimpima mara moja, mwaka waliooana, na tangu hapo akashona kwa mchoro ule ule. Mguu wa mke wake aliujua, bwana, kwa nini aupime?

Mwaka wa kumi na tatu wa ndoa yao, Mwalimu aliingia karakana na viatu vipya mkononi, akavitua juu ya meza ya kukatia.

"Fundi, umenishonea viatu vya mtoto."

"Vinabana wapi?"

"Uliza wapi havibani, nitakujibu haraka zaidi."

Katika kiti cha wateja alikuwa amekaa jirani, fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Aliruka kana kwamba amechomwa. "Leo ni leo! Kumbe jirani na wewe ni binadamu!"

Fundi alitandaza karatasi ya kaki, akamsimamisha mke wake, akapiga goti, akachora. Mwalimu alipoondoka, alitoa ule mchoro wa arusi na kuuweka juu ya mpya, kisigino juu ya kisigino. Mstari mpya ulikuwa umeupita wa zamani pande zote, na mbele ya kidole gumba ulikuwa umeupita kwa namba nzima.

"Umetanuka," Sindano alisema, akichungulia begani kwake. "Miaka inakwenda."

"Kutanuka ni kwa upande. Huu umekwenda mbele."

"Sasa utamwambia?"

Fundi alianza kukunja karatasi. Sindano akavuta kiti karibu, sasa bila mzaha. "Nisikilize, jirani. Mteja wangu akinenepa, namwambia kitambaa kimerudi. Kitambaa hakina mdomo wa kujitetea. Ukimwambia mwanamke ukweli wa kiuno chake umepoteza mteja. Wewe hapa utapoteza mke. Hii ni adabu ya kazi, siyo uongo."

Jioni hiyo Fundi alimwambia Mwalimu kwamba ngozi haikukauka vizuri, kosa lilikuwa lake. Mtu ambaye hajawahi kukiri kosa la kazi mbele ya yeyote alilikiri lile ambalo hakulitenda, na moyoni akajiona muungwana. Alishona jozi nyingine, namba thelathini na tisa. Ndani akapiga muhuri wa thelathini na nane.

Mwaka uliofuata alimpima tena, safari hii mapema, akisingizia mtindo mpya wa kisigino. Mguu ulikuwa umesogea. Na uliofuata. Kila mwaka Mwalimu alisimama juu ya karatasi akisoma madaftari ya wanafunzi, asitazame chini, na kila mwaka Fundi aliikunja karatasi kabla wino wa tarehe haujakauka. Hakumwonyesha mtu. Kila muhuri wa thelathini na nane aliopiga, mkono wake ulikuwa mzito kidogo kuliko mwaka uliopita. Alijua, kwa ujuzi wote wa kazi yake, kwamba mguu wa mtu mzima hauna ruhusa ya kufanya vile. Lakini kila alipotaka kusema, alimwona Mwalimu anavyoinua pindo la sketi kidogo anapovuka dimbwi la maji, ili mguu uonekane, naye akanyamaza.

Mambo mengine yalikuja polepole mno hata hayakuonekana kuwa mambo. Sauti ya Mwalimu ilishuka, ikawa nene. Shuleni wakampa jina la Ngurumo, naye akalipenda, kwa sababu darasa lilinyamaza kabla hajafika. Usiku alikoroma. Viungo vilimuuma, wakasema ni kusimama. Alitokwa na jasho hata siku za baridi, wakasema ni umri. Kichwa kilimgonga, wakasema ni kelele za watoto. Sukari ikapanda, wakasema ni ya ukoo. Mdogo wake aliyekuwa akiishi mbali alikuja kuwatembelea baada ya miaka minne, akasimama mlangoni akimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Dada! Umekuwa baba mtupu! Taya lile lile!" Wote walicheka, Fundi naye. Wao waliokuwa wakimwona kila siku hawakuona kitu.

Waliogundua la macho walikuwa wanafunzi. Katika darasa la Mwalimu kulianza ugomvi wa madawati yaliyo kando ya kuta. Zamani kila mtoto alitaka kukaa katikati, karibu na ubao. Sasa walisukumana kwenda pembeni. Mwalimu mkuu alipoingia siku moja kukagua, alikuta safu za kuta, kulia na kushoto, wanacheza karata kwa starehe zao, huku Mwalimu amesimama mbele anafundisha sehemu zinazofanana, wala yeye hawaoni. Ngurumo, aliyekuwa akimkamata mtoto kwa kumsikia tu akitafuna! Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa upole kwamba akapimwe macho, na kwamba mpaka apone atafanya kazi ya ofisini.

Mwalimu alirudi nyumbani akagonga bega kwenye fremu ya mlango. Bega lile lilikuwa na alama nyingi, ambazo Fundi hakuwahi kumuuliza habari zake.

"Wameninyang'anya darasa," alisema. "Miaka ishirini na mbili. Nikikosa macho, Fundi, mimi ni nani?"

Wakaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko walivyotarajia, mwenye tabia ya kusukuma miwani yake juu kwa mgongo wa kalamu. Alikuwa na foleni ndefu nje, lakini aliuliza maswali yake yote bila kuruka. Kiu? Choo? Kizunguzungu? Ndugu wenye sukari?

"Pete ya ndoa inakubana, mama?"

"Sivai pete, Daktari. Chaki inaingia chini yake, inawasha."

"Viatu je? Namba imebadilika miaka ya karibuni?"

Mwalimu alicheka, kicheko chake cha zamani, cha kujidai. "Hapo umemuuliza mtu siye. Huyu unayemwona hapa ndiye anayenishonea. Tangu anioe ni thelathini na nane, haijapanda wala haijashuka. Tazama." Akavua kiatu, akakigeuza juu ya meza ya daktari, muhuri ukaonekana.

Fundi aliutazama muhuri ule kana kwamba si mkono wake ulioupiga.

Daktari aliusoma muhuri, akaandika. "Sawa." Aliwapa dawa za sukari na barua ya kwenda kupimiwa miwani, miadi baada ya wiki sita. Walipoinuka, Fundi alibaki nyuma hatua moja, mkono kwenye kitasa.

"Daktari, samahani. Kwa nini umeuliza habari za viatu?"

"Kuna ugonjwa mmoja wa nadra, mzee, unakuza mikono na miguu ya mtu mzima. Sura pia hubadilika. Ukiachwa hufika mpaka kwenye macho, na macho yakifa hayarudi. Lakini kwa mama siyo, umeona mwenyewe."

Kesho yake asubuhi, kabla foleni haijajaa, Fundi alikuwa mbele ya mlango ule ule, amevaa koti lake la kanisani na misibani, bahasha kubwa kwapani. Hakukaa alipoambiwa akae. Alitoa michoro tisa, akaipanga juu ya meza kisigino juu ya kisigino, mkubwa chini, mdogo juu, mpaka mistari ya vidole ikashuka mmoja baada ya mwingine kama ngazi.

"Huu wa juu ni wa mwaka niliomuoa. Huu wa chini ni wa mwaka huu. Yote ni ya alasiri, amesimama, penseli moja. Tarehe hizo."

Daktari aliinama. Aligusa ngazi ile kwa kidole, taratibu, kutoka juu hadi chini. "Na namba niliyoisoma jana?"

"Uongo wangu."

"Kiatu cha jana kilikuwa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Daktari alivua miwani kabisa. Fundi alitazamia kufokewa, na alikuwa amejiandaa kufokewa.

"Jana nusura nimfungie mlango," Daktari alisema. "Mzee, wagonjwa wa aina hii huja wakiwa wamechelewa miaka kumi, na tukiwauliza ulianza lini hawajui. Tunatafuta picha za zamani, tunakisia. Sijawahi kuletewa ugonjwa uliopimwa kwa milimita, mwaka kwa mwaka. Hii ni kazi safi."

"Kazi safi iliyofichwa kabatini."

"Ndiyo. Hilo nalo ni kweli." Alirudisha miwani. "Namwita Ijumaa kwa vipimo. Mimi siwezi kumficha sababu, mwili ni wake. Una siku mbili. Mwambie wewe."

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, Mwalimu alikuwa kwenye meza ya kulia anasahihisha madaftari, maana hata alipohamishiwa ofisini aliendelea kuyachukua. Fundi aliipanga ile michoro mbele yake.

Mwalimu aliuvuta wa chini kabisa. "Nani huyu? Mguu mkubwa hivi, ni mwanamume?"

"Ni wewe."

Alidhani ni mzaha, akainua macho kumtafutia kicheko usoni. Hakukikuta. Basi Fundi akaeleza yote, tangu ile jozi iliyorudi, na ngozi iliyosingiziwa, na mihuri, na swali la daktari, na jinsi alivyonyamaza. Hakujitetea, na Sindano hakumtaja.

Mwalimu alichukua rula. Alipima mchoro mmoja mmoja, akitoa, akiandika tofauti pembeni kwa kalamu nyekundu. Ilimchukua muda, kwa sababu ilimbidi ageuze kichwa kizima kufuata mstari.

"Miaka saba, milimita ishirini," alisema mwishowe. "Na milimita saba nyingine kabla hujaanza kunidanganya."

"Ndiyo."

"Na mimi natamba. Chumba cha walimu, mbele ya watu, natamba! Thelathini na nane, thelathini na nane, kama kasuku."

"Sikutaka uumie."

"Fundi." Ile sauti nene ilitetemesha kikombe. "Mtoto akikosea hesabu, mimi namwekea alama ya kosa. Analia, anafuta, anarudia. Simwandikii jibu zuri ili alale vizuri. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha darasa."

Kwa siku nzima hakumsemesha ila kwa ya lazima: maji yamechemka, mlango haukufungwa. Alhamisi alasiri alikwenda karakana mwenyewe, akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Sindano alimwona akaingia ndani kwake kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwalimu alivua viatu, akasimama juu ya karatasi.

"Pima. Safari hii natazama."

Fundi alipima. Mwalimu alitazama penseli ikizunguka mguu wake wote, kisha akamkabidhi viatu vyake. "Sasa ondoa huo uongo. Kesho sitaki kuingia kwa daktari na namba ya mtu mwingine."

Ijumaa alivuka kizingiti cha hospitali amevaa arobaini na mbili, muhuri mpya, kichwa juu. Fundi alikuwa nyuma yake, na baadaye alizoea kusema kwamba katika viatu vyote alivyowahi kuviona vikitembea, hakuna vilivyotembea vizuri kama vile.

Vipimo vilikuwa vingi. Walimnywesha glasi ya maji matamu kupindukia, wakamtoa damu kila nusu saa kwa saa mbili. Kwa mtu mzima wa afya, Daktari alieleza, utamu ule huilaza homoni ya ukuaji. Ya Mwalimu haikulala hata kidogo. Kisha akaingizwa kwenye mashine ya sumaku, ile inayogonga kama karakana, na picha ikaonyesha chanzo: chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya kunde inayoamrisha homoni za mwili, na ndani ya tezi ile palikuwa pameota uvimbe wa milimita ishirini na mbili, ukubwa wa gololi. Haukuwa saratani. Lakini ulikuwa unamwaga homoni ya ukuaji usiku na mchana, na kwa juu ulikuwa umeegemea mishipa ya macho pale inapopishana, ndiyo maana pande zote mbili zilikuwa zimeingia giza.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Mwalimu alisema, "nilikuwa nakua kama mtoto."

"Ndiyo, mama."

"Bila kupandishwa darasa hata mara moja."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema lililobaki: uvimbe utolewe upesi. Macho yalikuwa bado yanaweza kurudi. Miezi michache zaidi, asingeahidi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mfupi mwenye maneno machache na mikono mitulivu. Fundi aliitazama mikono ile kabla ya uso.

"Mnapasua kichwa?"

"Hapana, mzee. Tunapita puani, na kamera nyembamba. Nyuma ya pua kuna ukuta mwembamba wa mfupa, tunafungua kidirisha, tunautoa vipande vipande."

"Kama kung'oa msumari uliopinda kwenye ncha ya kiatu, umeingilia kisiginoni, na soli hujaifungua."

Mpasuaji alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hasa."

"Na tundu mnaliziba na nini?"

"Kiraka. Mafuta kidogo kutoka pajani kwake mwenyewe."

"Kazi yako hurudishwa?"

Mwalimu alimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini mpasuaji hakukasirika. "Hurudishwa, mzee. Mara nyingine kipande hung'ang'ania karibu na mshipa mkubwa wa damu, ukikifuata unaua. Nikikibakiza, nitawaambia nimekibakiza."

Fundi alinyoosha mkono, wakashikana. Nje kwenye korido alimwambia mke wake, "Huyu ni fundi."

"Kwa sababu amekubali anakosea?"

"Kwa sababu amesema kabla hajashika kisu."

Upasuaji ulichukua saa tatu na robo. Fundi alizihesabu kwenye benchi, akizungusha penseli iliyopasuliwa mfukoni. Mpasuaji alipotoka, kofia bado kichwani, hakuzunguka. "Nimeutoa karibu wote. Kipande kidogo kimebaki upande wa kushoto, penye mshipa. Nimekiacha. Macho nimeyapa nafasi yao."

Siku zile za wodini Mwalimu alikatazwa kupenga kamasi, kuinama, hata kupiga chafya mdomo ukiwa umefungwa. Wauguzi walipima kila tone alilokunywa na kila tone lililotoka, kwa sababu tezi iliyoguswa inaweza kusahau kazi yake na mwili ukamwaga maji kama bomba. Mwalimu alilaza karatasi yake mwenyewe pembeni, akijumlisha. Siku ya pili alimwita muuguzi wa zamu. "Mwanangu, hapa umesahau kubeba moja. Rudia." Muuguzi alirudia, akakuta ni kweli, na tangu siku hiyo wodi nzima ilimwita Mkaguzi.

Asubuhi ya tatu Fundi aliingia kimya akidhani amelala. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, uso dirishani, bega likielekea mlangoni. Fundi alisimama kando ya mlango asimshtue.

"Ingia basi," Mwalimu alisema, bila kugeuza kichwa. "Kola yako imekunjika upande mmoja."

Fundi alishika kola. Ilikuwa imekunjika kweli. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akainyoosha.

Hakupona yote. Mifupa iliyokua haikurudi, na taya lilibaki la baba yao. Kipande kilichobaki walikidhibiti kwa sindano ya kila mwezi, na kila baada ya miezi kadhaa damu ilipimwa kuona homoni imekaa mahali pake. Lakini nyama zilizovimba zilinywea, hata za mguuni, sukari ikashuka, koromo likaisha, na muhula ulipofunguliwa Mwalimu aliingia darasani kwake. Fundi alimpima wiki ile, mchana kweupe, Sindano akiwa shahidi.

"Jirani," Sindano aliuliza, "na mimi sasa nianze kuwaambia wateja ukweli?"

"Anza na yule mkeo," Mwalimu akamjibu, "halafu utuletee habari kama bado una pa kulala."

Baada ya mwaka, Daktari aliwaita. Alikuwa anafundisha wanafunzi wa udaktari, akaomba awaonyeshe ile michoro tisa.

"Mguu ni wangu, ruhusa ni yangu," Mwalimu alisema. "Natoa kwa sharti. Aliyeichora aje aieleze mwenyewe. Yote."

Fundi alikataa, akatafuta udhuru wa kazi nyingi, akakataa tena. Siku ilipofika alikuwa amesimama chini ya ukumbi wenye viti vya ngazi, ndani ya koti lake, mbele ya vijana kumi na watatu waliovaa makoti meupe. Michoro ilikuwa imebandikwa ukutani mmoja mmoja. Alianza kusema, na sauti yake ilikuwa ya kuongea na ngozi.

"Sauti, Fundi!" ile sauti nene ya Mwalimu ikatoka nyuma kabisa. "Huku hatusikii."

Wanafunzi waligeuka. Fundi akakohoa, akainua kichwa. "Nilisema hivi. Mimi ni fundi viatu. Nilipiga muhuri wa uongo ndani ya kiatu cha mke wangu mara nane, na daktari wenu akausoma akauamini. Msimlaumu yeye."

Akawaeleza mchoro kwa mchoro. Kijana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Mzee, ulijuaje kwamba mguu unakua, siyo umevimba tu?"

"Mguu uliovimba una asubuhi na una jioni," Fundi alisema. "Huu haukuwa na saa. Ulikuwa vile vile saa zote, ila mwaka ukipita, umesogea."

"Rudia hapo, tafadhali," Daktari alisema kutoka pembeni, na kalamu kumi na tatu zikaandika maneno ya mtu aliyeacha shule darasa la saba.

Msichana mmoja aliuliza, kwa woga kidogo, "Na kwa nini ulinyamaza?"

Fundi alitazama juu, ngazi hadi ngazi, mpaka mstari wa mwisho. "Niliona ni heshima. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naogopa. Kumwambia ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona."

Huko nyuma kiti kilikunjwa kwa kishindo. Mwalimu alikuwa amesimama. Alivua viatu, akaviacha pale pale, akashuka zile ngazi peku, katikati ya madaktari wale watarajiwa, bila kushika ukuta wala kutazama anapokanyaga. Alipofika chini, alichukua karatasi ya kaki iliyokuwa juu ya meza, akaitandaza sakafuni, akasimama juu yake.

"Waonyeshe inavyopimwa," alisema. "Na namba uitaje."

Ilikuwa alasiri. Fundi akapiga goti, akaweka penseli wima, akazunguka mguu wa mke wake kuanzia kisigino mpaka kidole gumba na kurudi. Akapima.

"Arobaini na moja," akasema, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.